Vitofali vya Njia ya Gari: Unene Kwanza, Rangi Mwisho

Njia ya gari ya nyumbani, kutoka getini hadi barazani au kwenye banda la gari, ni sehemu ndogo ya kiwanja inayofanya kazi kubwa. Magari huingia, hufunga breki na kugeuzia hapo hapo, mvua huteremka juu yake, na jua huichoma mwaka mzima. Katika miji ya Afrika Mashariki watu wengi sasa huitandika vitofali vya zege, ambavyo Tanzania huitwa pevingi na Kenya kabro. Vitofali havihitaji mitambo mikubwa kama lami, havipasuki mpasuko mrefu kama sakafu ya zege iliyomwagwa, na bomba la maji likivuja chini yake vitofali hung'olewa, bomba likatengenezwa, kisha vikarudishwa vile vile. Lakini faida hizo hupatikana pale tu kitofali kinapolingana na mzigo, ardhi na maji ya mahali penyewe. Wanunuzi wengi huanza na rangi na umbo, kwa kuwa ndivyo vinavyovutia macho kwenye sampuli zilizopangwa kandokando ya barabara. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Utandikaji wa vitofali vya zege ulienea Uholanzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nchi hiyo ilikuwa na desturi ya zamani ya kutandika mitaa kwa matofali ya kuchoma. Baada ya vita matofali hayo yalitakiwa kujengea nyumba, hasa katika miji kama Rotterdam, ambao katikati yake paliteketezwa kwa mabomu Mei 1940, na barabarani zege likachukua nafasi yake. Kutoka huko ufundi huo ulisambaa Ujerumani na baadaye duniani kote.

Nguvu ya sakafu ya vitofali haitokani na kitofali kimoja kimoja. Gurudumu linapokanyaga kitofali, mchanga uliojazwa katika nafasi nyembamba inayokizunguka hukibana, na kwa msuguano huo sehemu ya mzigo huhamia kwa majirani zake. Uzito uliokuwa mahali padogo husambaa, na udongo wa chini hupokea shinikizo lililopungua. Ili jambo hilo litokee, vitofali visitikisike, maungio yajae mchanga, na kingo za njia zishikwe na kitu kisichosogea. Kimojawapo kikikosekana, kilichobaki ni vipande vya zege vilivyolala juu ya mchanga, na gari la kwanza lenye uzito huvisambaratisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni gari zito kuliko yote litakalowahi kuingia getini. Mwenye gari dogo la tani moja na nusu hufikiri njia yake itabeba gari hilo tu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki sivyo ilivyo. Nyumba isiyo na maji ya bomba ya uhakika huletewa maji kwa boza, na boza la lita 10,000 lina tani 10 za maji peke yake, mbali na uzito wa lori. Nyumba isiyounganishwa na bomba la maji taka hutembelewa na gari la kunyonya shimo, ambalo huingia tupu na kutoka limejaa. Bado kuna lori la mchanga na kokoto siku mwenye nyumba atakapoamua kuongeza chumba cha uani au kujenga fremu za maduka mbele.

Tofauti ya madhara kati ya magari hayo na gari dogo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yaliwapa wahandisi kanuni inayotumika hadi leo kama kipimo cha kukadiria: uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye uzito mara mbili huharibu kama mara 16. Yenye uzito mara kumi, kama mara 10,000. Ekseli moja ya gari dogo hubeba kiasi cha robo tatu ya tani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Safari moja ya lori la aina hiyo inaweza kuiumiza njia kuliko gari la familia linavyoiumiza kwa miaka mingi ya kuingia na kutoka.

Unene wa kitofali hufuata hesabu hiyo. Vitofali vya milimita 40 hadi 50 ni vya njia za miguu, bustani na sehemu za kukaa, na haifai kuviweka mahali penye gurudumu hata kama muuzaji atasema vimewahi kubeba gari. Milimita 60 hutosha kwa magari madogo juu ya tabaka la chini lililoshindiliwa vizuri. Milimita 80 ni za vituo vya mafuta, maegesho ya biashara na mitaa yenye malori, na milimita 100 hutumika bandarini na kwenye viwanja vya makontena. Kwa nyumba inayonunua maji kwa boza au yenye shimo la maji taka ndani ya uzio, unene sahihi ni milimita 80 kwenye njia yote ambayo lori litapita. Sehemu ya pembeni, gari zito lisipofika, inaweza kubaki na milimita 60, mradi fundi asawazishe tabaka za chini ili uso ubaki mmoja.

Pamoja na unene hutajwa nguvu ya zege, inayopimwa kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Kenya wauzaji wengi hutaja nyutoni 35 kwa kabro za milimita 60 na nyutoni 49 kwa zile za milimita 80. Namba hiyo ya 49 inafanana na wastani uliodaiwa na kiwango cha zamani cha Uingereza cha BS 6717. Namba iliyotamkwa mdomoni haina maana bila karatasi ya maabara. Kiwanda kinachojiheshimu huwa na majibu ya vipimo vya mzigo husika, na mnunuzi wa njia nzima ana haki ya kuyaomba kabla ya kulipa.

Ardhi ndiyo yenye neno la mwisho, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila kuonekana. Kitofali cha milimita 80 kilicholala juu ya udongo mbovu huzama mapema kuliko cha milimita 60 kilicholala juu ya msingi mzuri. Udongo mweusi wa mbuga ndio msumbufu kuliko wote. Umeenea upande wa mashariki wa Nairobi, kuanzia Embakasi kuelekea Syokimau na Athi River, na hupatikana katika mabonde na mbuga nyingi za Tanzania. Mvua ikinyesha huvimba, kiangazi hunywea na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono, na kila kilichojengwa juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Dawa yake ni kuuchimba na kuutoa. Kama tabaka lake ni jembamba, hutolewa wote hadi kufika kwenye moramu au mwamba. Kama ni la kina kirefu, mhandisi ndiye wa kuamua utolewe kiasi gani na kijazwe nini. Kumwaga kifusi juu ya udongo huo bila kuuchimba ni kuahirisha tatizo hadi masika.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu ni mpole zaidi, nao hushindilika vizuri ukiwa na unyevu wa kadiri. Mchanga wa pwani, kama ule wa sehemu kubwa ya Dar es Salaam, hupitisha maji haraka na hauvimbi, ila hukimbia pembeni usipobanwa. Juu ya ardhi ya asili iliyoondolewa majani, mizizi na udongo wa juu wenye mboji, huwekwa tabaka la moramu au kokoto mchanganyiko. Kwa magari madogo kwenye ardhi nzuri, sentimita 15 zikiisha kushindiliwa ndicho kiwango cha kawaida. Kwa ardhi dhaifu au malori, tabaka huongezwa. Tabaka hilo halishindiliwi kwa mkupuo mmoja. Humwagwa kwa safu za sentimita 10 hadi 15, hunyunyiziwa maji, na kila safu hupitiwa na mashine hadi isibonyee tena. Kipimo kinachoeleweka na kila mtu ni kuliingiza lori lenye mzigo juu ya tabaka hilo kabla kitofali cha kwanza hakijalazwa: tairi likiacha mfereji, kazi haijaisha.

Maji huharibu njia ya gari kwa namna mbili, kwa kutuama juu na kwa kulainisha chini. Mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita hutosha kuyaondoa, na kwa njia ya mita 12 tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho ni sentimita 24. Mteremko huo uelekee mbali na ukuta wa nyumba, na huanzia kwenye ardhi na moramu, kwa sababu mchanga wa juu hautumiki kusahihisha makosa ya chini. Inafaa pia kujiuliza maji yanaishia wapi. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu katika siku moja ya masika pwani, humwaga lita 1,800 juu ya njia ya mita za mraba 36. Kuyasukuma yote barabarani au kwa jirani ni kuhamisha mafuriko. Mfereji wenye wavu mbele ya geti na shimo la kunyweshea lililojazwa mawe hugharimu kiasi, lakini ni sehemu ya njia yenyewe, si pambo la kuongezwa baadaye.

Pale ardhi inapopitisha maji vizuri, vipo vitofali vyenye matundu ambamo huoteshwa nyasi au hujazwa kokoto. Maji hupenya yanapoangukia na ua hupoa. Hufaa maegesho ya magari madogo. Kwenye mstari ambao magurudumu hupita kila siku nyasi hufa, na juu ya udongo wa mfinyanzi au wa mbuga kuyaruhusu maji yapenye chini ya njia ni kujitafutia balaa.

Sasa kitofali chenyewe. Hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mashine inayotetemesha na kugandamiza zege lenye maji machache sana, kiasi kwamba kitofali hutolewa kwenye kalibu papo hapo kikiwa kimesimama. Ya pili ni ya kumimina zege laini kwenye kalibu za plastiki juu ya meza ya kutetemesha na kuliacha hadi kesho yake. Kitofali cha kalibu ya plastiki hutoka na uso laini unaong'aa, na wanunuzi wengi huupenda. Kwa njia ya gari uso huo si sifa: ukilowa huteleza, hasa penye mteremko. Tena zege likiongezwa maji ili limiminike kwa urahisi, nguvu yake hushuka, kwa kuwa maji yanayozidi mahitaji ya saruji hukauka na kuacha vitundu. Fundi mwaminifu anaweza kutoa kitofali kizuri kwa kalibu za plastiki, lakini njia ya mashine hupunguza makosa na kwa kawaida ndiyo inayofaa magurudumu.

Baada ya kutoka kwenye kalibu, zege huhitaji unyevu. Vitofali vinavyomwagiliwa au kufunikwa kwa siku 7 angalau huendelea kupata nguvu, na nguvu kamili hupimwa ikitimia siku ya 28. Vikianikwa juani siku ya pili na kupakiwa siku ya tano, hubaki dhaifu kwa maisha yao yote hata kama saruji iliyotumika ni nyingi. Kwa hiyo ziara ya kiwandani ina thamani kuliko sampuli iliyoletwa nyumbani. Mnunuzi aangalie kama sakafu ya kuhifadhia imelowa, kama tarehe zimeandikwa kwenye mafungu, kama saruji ni ya daraja la 42.5 au 32.5, na kama mchanga na vumbi la kokoto vina udongo ndani.

Kuna vipimo vya mkono visivyohitaji maabara. Vitofali viwili vikigonganishwa vitoe mlio mkali wa kuitika. Mlio butu ni dalili ya ubichi au uwazi ndani. Msumari ukikwaruzwa juu uache alama nyembamba, sio mfereji wenye vumbi. Kitofali kimoja kivunjwe kwa nyundo mbele ya muuzaji: ndani kokoto ziwe zimeenea sawasawa na kushikwa na saruji hadi nyingine zimekatika katikati, pasiwe na matundu wala mabonge ya mchanga mkavu.

Kipimo kinachosema mengi zaidi ni mizani. Kitofali cha mstatili cha sentimita 20 kwa 10 chenye unene wa milimita 60 kina ujazo wa lita 1.2. Zege lililogandamizwa vizuri huwa na kilo 2,200 hadi 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kitofali hicho kiwe na kilo 2.6 hadi 2.9. Cha milimita 80 kiwe na kilo 3.5 hadi 3.8. Kitofali cha milimita 60 kinachosoma kilo 2.2 kina uwazi mwingi ndani, au unene wake haufiki ulioandikwa. Baada ya kupimwa kikiwa kikavu, kitofali hicho hicho kitumbukizwe kwenye ndoo ya maji kwa saa 24, kifutwe na kupimwa tena. Kiwango cha Ulaya cha EN 1338, katika daraja lenye kikomo cha kunywa maji, kinaruhusu kisichozidi asilimia 6 ya uzito. Kwa kitofali cha kilo 2.7 hiyo ni gramu 160 hivi. Kikinywa gramu 300, hata kama uso wake unapendeza, hakifai njia ya gari. Mizani ya kidijitali ya duka la nafaka hutosha kwa kazi hii, na muuzaji anayeikataa amekwisha kujibu swali.

Vipimo vya upande navyo vina uzito wake. Vitofali kumi vikipangwa mstari kichwa kwa kichwa, na kumi vingine kutoka fungu jingine vikapangwa kando yake, mistari hiyo ilingane karibu kabisa. Kiwango hicho hicho cha Ulaya kinaruhusu tofauti ya milimita 2 kwa urefu na upana, na 3 kwa unene. Vikitofautiana zaidi, maungio hayatanyooka, na fundi atalazimika kuvigonga vikae, jambo linalovunja pembe. Pia vitofali vyenye pembe zilizochongwa kidogo juu hustahimili magurudumu kuliko vyenye ncha kali, ambazo humeguka mapema.

Umbo huchaguliwa kwa jinsi gari linavyotembea. Gari linaponyooka husukuma vitofali mbele na nyuma; linapogeuza usukani likiwa limesimama huvizungusha mahali pake, na huo ndio mtihani mgumu kuliko yote. Maumbo yenye meno ubavuni, kama zigizaga na lile lenye kiuno chembamba katikati, hushikana yenyewe. Mstatili wa kawaida nao ni mzuri sana ukilazwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, ambao kila kitofali huzuia kichwa cha mwenzake kwa pembe mraba na hakuna mstari mrefu ulionyooka upande wowote. Mtindo wa kupishanisha kama ukuta wa tofali hukubalika kwa magari madogo endapo mistari yake mirefu inakata njia kwa upana, isielekee gari linakokwenda. Mtindo wa jozi jozi zilizopangwa mraba ubaki kwenye bustani.

Vigae vikubwa vya zege vya sentimita 40 hadi 60, ambavyo picha za nyumba za kifahari zimevipa umaarufu, havifai kuwekwa juu ya mchanga mahali pa gari. Kipande kirefu chembamba hupinda gurudumu linapokaa ukingoni, na zege halipendi kupindwa, hukatika katikati. Kanuni rahisi ni urefu wa kitofali usizidi mara nne ya unene wake. Kitofali cha sentimita 20 chenye unene wa milimita 60 kipo salama, kikiwa kama mara tatu na theluthi; chenye milimita 80 ni mara mbili na nusu tu.

Zege si nyenzo pekee. Mawe bapa ya Mazeras na Galana, kutoka Kilifi, yamepamba nyua nyingi za Kenya na huonekana vizuri kuliko kitofali chochote, lakini kwa njia ya gari yachaguliwe mazito na yalazwe juu ya zege, kwa kuwa unene wake hautabiriki. Vipande vya mawe magumu vilivyochongwa kwa nyundo, kama vilivyotandikwa katika milima ya Mwanza na mitaa ya Bujumbura, hudumu kwa vizazi na huwapa vijana kazi. Mahali penye mawe hayo karibu, ni chaguo la kuheshimiwa ingawa gari hutikisika. Jiwe la matumbawe la pwani na jiwe laini la kukatwa kwa mashine ni la kuta. Tofali la kuchoma la tanuri la kijijini nalo ni la kuta, kwani moto wake hauliivishi sawasawa, na lililoiva kidogo hurudi kuwa udongo chini ya tairi.

Vimeingia pia vitofali vya plastiki taka iliyochanganywa na mchanga, kisha ikapashwa moto na kugandamizwa. Mkenya Nzambi Matee, mwanzilishi wa Gjenge Makers ya Nairobi, alitunukiwa mwaka 2020 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kwa kazi hiyo. Ni vyepesi na plastiki hainywi maji. Anayevitaka kwa njia ya gari aombe aina na unene uliopimwa kwa magari, asichukue ule wa njia za miguu.

Kuhusu rangi, machache yanatosha. Rangi inayodumu ni ya madini ya chuma iliyochanganywa ndani ya zege, sio iliyopakwa juu. Kitofali kilichovunjwa huonyesha imeingia kina gani. Nyekundu, kahawia na kijivu hutulia vizuri. Nyeusi huwaka moto juani, na nyepesi huonyesha kila tone la oili. Ukungu mweupe unaojitokeza miezi ya kwanza ni chokaa ya saruji inayopanda juu na maji. Hauharibu kitu, nao hupungua wenyewe kwa mvua na matumizi.

Hesabu ya mahitaji si ngumu. Vitofali vya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba. Njia ya mita 3 kwa 12 ni mita za mraba 36, sawa na vitofali 1,800. Kwa kukata kingo na kuvunjika iongezwe asilimia 5, jumla 1,890, na kwa mtindo wa mfupa wa samaki ni salama kuongeza hadi asilimia 10. Moramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 5.4, hivyo huagizwa kama 7, kwa kuwa hupungua ikishindiliwa. Mzigo wote utoke kiwanda kimoja na uchanganywe wakati wa kutandika kwa kuchota mafungu matatu au manne kwa pamoja, ili tofauti ndogo za rangi zisikae upande mmoja.

Chini ya vitofali huwekwa mchanga wa mto wenye chembe nene, uliooshwa, kwa unene ulio sawa wa sentimita 2.5 hadi 3. Mchanga wa baharini una chumvi na haufai. Vumbi la kokoto lenye unga mwingi hushika maji na kugeuka uji. Kutandaza nailoni chini ili kuzuia magugu ni kosa lililoenea: mbegu nyingi huletwa na upepo na kuota kwenye maungio kutoka juu, ilhali nailoni hubakiza maji chini ya magurudumu. Kingo zishikwe kwa kabstoni, yaani mawe ya ukingo, zilizozikwa ndani ya zege pande zote, na penye mlima mkali mshipi wa zege upite kukata njia chini kabisa, utandikaji uanzie hapo kupanda juu. Hatimaye mashine hupita, mchanga mkavu laini hufagiwa kwenye maungio ya milimita 2 hadi 5, mashine hupita tena. Maungio yasijazwe uji wa saruji, maana yakiganda hupasuka, na kitofali kikihitaji kutolewa hakitoki kizima.

Bei za mafundi hutajwa kwa mita ya mraba, na tofauti kubwa kati ya fundi na fundi mara nyingi imejificha chini. Makubaliano ya maandishi yataje unene wa kitofali, unene wa moramu baada ya kushindiliwa, aina ya mchanga, kabstoni, mteremko na nani analeta mashine. Bei nafuu isiyotaja moramu ni bei ya kuzama. Mifereji ya nyaya za umeme wa geti na mabomba ya maji ilazwe kabla ya kazi kuanza, angalau bomba moja tupu likivuka njia kwa ajili ya baadaye, na mikungu au miarobaini iliyo karibu ihesabiwe, kwa sababu mizizi yake itafika.

Baada ya mvua za kwanza mchanga wa maungio hushuka, nao uongezwe mapema. Oili iliyomwagika inyonywe kwa mchanga au maranda siku ile ile. Kitofali kilichozama kionyeshwe fundi kingali kimoja, maana karibu kila mara chanzo ni maji yanayopita chini. Na siku ya kupokea mzigo, mwenye nyumba aweke kando vitofali 50 vya fungu hilo hilo: vinatosha mita moja ya mraba ya matengenezo, na baada ya miaka mitano huenda kiwanda hakitakuwa tena na kalibu ya umbo lile.